Fidla ya Kanisa na Mikono ya Kukamua

Mwenyekiti wa kwaya alinikabidhi fidla mbele ya watu saba, mlango wa ofisi ya kanisa ukiwa wazi, ili kila aliyetoka ibadani asikie masharti. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Alisema fidla hiyo ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi tangu mwalimu mmoja mgeni aliyeondoka aiache, na kwamba kamati imekubali nikae nayo mpaka Jumapili ya mavuno. Siku hiyo ningesimama mbele ya kanisa nipige wimbo mmoja wa kitabu, mwanzo hadi mwisho. Nikiweza, ingebaki kwangu na ningepigia kwaya. Nikishindwa, ingepelekwa kwa kanisa lingine kule mjini Kitale, ambako kulikuwa na vijana waliokwisha kuiomba.

"Na vijana wanashika mambo haraka," akaongeza. "Wewe mama, hiyo mikono si imezoea ng'ombe?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila moyoni nilikuwa nimewaka moto. Nina miaka hamsini na mmoja, nina ng'ombe wanne wa maziwa na shamba la mahindi upande wa Saboti, na mikono hiyo ndiyo iliyosomesha watoto watatu mpaka wakamaliza. Nilifunga kasha, nikasema asante mzee, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu bila kumngoja mtu.

Nilikuwa na sababu ambayo kamati haikuijua. Mimi nilizaliwa Kamukuywa, na baba yangu alikuwa mpiga siilili, ile fidla yetu ya Wabukusu yenye nyuzi mbili ambayo mpigaji huiegemeza tumboni na kuivuta kwa upinde mdogo. Siilili ya baba ilitundikwa ukutani, juu kuliko mkono wa mtoto. Ilishuka wakati wa harusi na sherehe, ikapigwa, ikarudi ukutani. Nyumbani kwetu ilikuwa ya wanaume, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Nilipokuwa na miaka tisa nilipanda kiti, nikaishusha, nikavuta upinde mara moja. Sauti ilitoka ya ovyo kabisa, lakini ilitoka kwenye mkono wangu, nikaisikia mpaka mabegani. Baba aliingia wakati huo huo. Hakunichapa. Alinipokonya, akaitundika tena, akasema, "Msichana hashiki hii. Usirudie." Afadhali angenichapa, maana fimbo huisha.

Sikurudia. Nilijifunza kupalilia, kukamua, kuimba sauti ya pili, nikaolewa huku Trans-Nzoia. Lakini kila nilipopita mbele ya kabati lile la kanisa nilijua kilichomo ndani, na nilikitaka kama mtu anavyotaka maji. Mwaka huu nikaona aibu ya kuomba imekuwa ndogo kuliko hamu yenyewe, nikaomba.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa simu. Mume wangu anafanya kazi Lodwar na huja mwisho wa mwezi, watoto wako kwao, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na ng'ombe. Nilikaa kwenye stoo ya mahindi, simu nimeisimamisha juu ya debe, nikafungua kasha. Ndani mlikuwa na fidla yenyewe, upinde wake, kitambaa kichafu, na kipande cha rozini, yaani ule utomvu mkavu wa rangi ya asali ambao husuguliwa kwenye nywele za upinde ili zishike uzi. Rozini ilikuwa imebaki kipande kama jino.

Jambo la kwanza lililonitesa halikuwa hata sauti. Ilikuwa kuishika tu. Fidla huwekwa begani, kidevu kikaibana, lakini mimi nina shingo ndefu na kila nikigeuka kidogo ilikuwa inateleza kuelekea chini, naidaka kwa mkono wa kushoto, vidole vinakakamaa. Wapigaji wa kwenye video za simu walikuwa na mito maalumu ya kuweka chini yake. Mimi nilikata sponji ya godoro kuukuu, nikaipunguza kwa kisu mpaka ikalingana na bega langu, nikaizungushia kitenge, nikaifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ilikaa. Nilishangaa jinsi mkono wa kushoto ulivyolegea mara tu ulipoacha kazi ya kubeba. Kama kuna mtu anaanza leo, namwambia aanze na hapo, asijifanye shujaa.

Kisha nikakata plasta ya kidonda vipande vyembamba nikabandika kwenye shingo ya fidla, mahali ambapo kila kidole kinatakiwa kukanyaga. Nikatundika kioo cha kunyolea cha mume wangu mlangoni, nione kama upinde unakwenda sawa au unapanda kuelekea shingoni. Ulikuwa unapanda. Kila mara ulikuwa unapanda, na mimi ningeapa mbele ya hakimu kwamba naupeleka sawa.

Siku ya tano jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa ua. "Mama, ndama yako ni mgonjwa?"

"Ndama ni mzima."

"Basi ni nini inalia hivyo?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema pole, akaingia ndani. Kesho yake nilichukua kibanio cha nguo cha mbao nikakibana juu ya daraja, kile kibao kidogo kinachosimamisha nyuzi, maana nilikuwa nimeona mtu akifanya hivyo kwenye simu. Sauti ilipungua ikawa ya mbu. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni huruma kwa majirani na kwa masikio yake mwenyewe, na nilikitumia mwezi mzima.

Wakati wangu ulikuwa saa nne asubuhi, nikishamaliza kupeleka maziwa. Dakika ishirini, basi. Sikujiwekea saa tatu nzima za Jumamosi, kwa sababu mfugaji anajua hilo bila kufundishwa: huwezi kumkamua ng'ombe mara moja kwa wiki ukajaza pipa. Nilipiga nikiwa na homa. Nilipiga siku umeme ulipopotea na simu ikazima, nikapiga nilichokumbuka. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na mistari miwili ya wimbo, mibovu lakini inatambulika.

Halafu nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliona nywele za upinde zimekauka. Zilikuwa nyeupe, ngumu, zina vumbi, zinatoa mkwaruzo. Sasa mimi ni mtu wa mifugo. Chuchu ya ng'ombe ikipasuka, unaipaka mafuta. Kamba ya ngozi ikikakamaa, unaipaka mafuta. Mkono wako ukichubuka kwa baridi ya asubuhi, unaupaka mafuta yale yale, ya kukamulia, na unaendelea na kazi. Kwa hiyo nilichovya vidole viwili kwenye kopo la mafuta ya kukamulia, nikazipaka nywele za upinde kwa upole kutoka mwanzo hadi mwisho, nikizihurumia. Zikang'aa vizuri sana.

Nilipouweka upinde kwenye uzi, haukulia. Uliteleza. Nilibonyeza, ukateleza. Nikasugua kile kipande cha rozini mpaka kikaisha, nikavuta tena, kimya. Fidla nzima ilikuwa bubu. Nilifikiri labda rozini yenyewe imezeeka, kwa hiyo siku ya pili yake nilikwenda mpaka mjini Bungoma, kwenye duka moja linalouza spika na magitaa ya makanisa. Muuzaji alikuwa na kipande kimoja cha rozini, kimepasuka katikati. Nilipomuuliza kama ana nyuzi za akiba za fidla alinitolea za gitaa.

"String ni string, mama. Wewe kata tu."

"Ukinunua shati la mtoto wako," nikamwambia, "unamnunulia la baba yake halafu unakata?"

Alicheka akazirudisha. Nilichukua rozini peke yake. Nilirudi nyumbani nikasugua nusu saa, na upinde bado ukateleza kama mtu anayetembea kwenye matope. Hapo ndipo nilipokaa juu ya gunia nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimeharibu mali ya kanisa, na nilikuwa nimempa mwenyekiti kichekesho chake tayari kimepikwa, mikono ya ng'ombe kweli. Nilimwona akikisimulia miaka kumi ijayo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemfahamu ambaye maisha yake yote alikuwa amevuta upinde. Sikutaka kumwendea. Nilimwendea.

Baba ana zaidi ya miaka themanini. Nilimkuta Kamukuywa kwenye baraza la nyumba yake, anapukuchua maharagwe. Nilimsalimia, tukaulizana hali za watu wote, nikampa maziwa niliyobeba, chai ikaja. Ndipo nikafungua kasha. Aliitazama fidla muda mrefu bila kuigusa. Kisha akanyoosha mkono akachukua upinde, akaupeleka puani, akaunusa.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya kukamulia, baba."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Wewe msichana. Upinde inataka kukwaruza. Hiyo kukwaruza ndiyo kazi yake. Sasa wewe umeenda kuifanya iteleze, ati unaihurumia."

Ananiita msichana mpaka leo. Alinyanyuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na siilili yake. Sikuwa nimeiona kwa karibu tangu nikiwa na miaka tisa. Akanionyesha donge la utomvu lililobandikwa kwenye mti wake, jeusi, lenye mfereji katikati ambako upinde wake ulikuwa umepita miaka na miaka. Mpigaji wa siilili hahitaji kutafuta rozini kwenye kasha. Upinde ukichoka, anaupitisha pale pale kwenye donge na kuendelea. Baba aliona hiyo ndiyo njia ya akili, akaanza kwenda jikoni kupasha kisu moto ayeyushie utomvu ili abandike donge kwenye fidla ya kanisa. Nilimshika mkono.

"Baba, hii si yangu."

"Kama si yako, rudisha. Hiyo kitu ya watu, rudisha. Si nilikukataza kitambo?"

"Ulinikataza siilili. Hii ni fidla."

"Ni dada yake," akasema, akakaa kwenye kiti chake.

Ushauri wake kuhusu nywele ulikuwa ni kuzikata zote na kuweka nyuzi za katani. Sikuufuata. Lakini alikuwa ameniambia ugonjwa, na ugonjwa ukijulikana mtu anatafuta dawa. Nilirudi Kitale nikanunua spiriti na pamba kwenye duka la dawa za mifugo. Niliuzungushia mti wa upinde mfuko wa nailoni, kwa sababu spiriti hula rangi ya mbao, nikaziosha nywele peke yake, fungu kwa fungu, mara mbili, pamba ikitoka na uchafu wa njano. Nikauacha ukauke siku nzima kivulini. Kisha rozini, polepole, mara nyingi, mpaka nywele zikashika vumbi tena. Nilipovuta uzi wa chini, ulinguruma. Niliruka juu pale stoo, mwanamke mzima, nikapiga kelele za furaha mpaka kuku wakatawanyika.

Tangu siku hiyo nilikuwa na utaratibu, na sikuuvunja. Naosha mikono kwa sabuni mara mbili mpaka kwenye kiwiko, na brashi ya kucha, kabla sijagusa kasha. Kucha za mkono wa kushoto nakata kila Jumapili. Nywele za upinde sizigusi kwa kidole hata kama zina unyasi. Nikimaliza, nalegeza skrubu ya upinde ili nywele zisikae zimevutwa usiku kucha, nafuta vumbi la rozini chini ya nyuzi kwa fulana kuukuu, na fulana hiyo haifanyi kazi nyingine. Vitu vidogo hivi, na ndivyo vilivyonifanya nianze kujiona mpigaji kabla sijajua kupiga.

Nilianza kwenda Kamukuywa kila Alhamisi ya pili, na maziwa. Sikusema nakwenda kufundishwa, na baba hakusema anafundisha. Kila mara alinipokea kwa maneno yale yale, "Bado unayo?" Nikisema ninayo, aligeuza kiti akanipa mgongo, akaendelea na maharagwe yake. Mimi nilipiga nyuma yake. Na yeye, kwa sababu hawezi kusikia kosa akanyamaza, alikuwa anafoka.

"Unapasua kuni? Ni kifundo cha mkono, si bega."

Nikajaribu kifundo.

"Pumzisha. Sasa unakwaruza mpaka panya itoke. Pumzisha mkono ibebwe na uzi."

Nikipotea katikati nilikuwa naacha, naanza upya tangu mwanzo, na hilo lilimkasirisha kuliko yote. "Watu wanacheza, wewe unasimama kutafuta nini? Ukikosea, pita. Hakuna mtu amekuuliza." Kisha mwishoni, nikishafunga kasha, alikuwa akigeuka na kusema kwa utulivu kabisa, kana kwamba hajasema lolote saa nzima, "Sasa irudishe kwa wenyewe. Si kazi ya wanawake."

Ilikuwa inanichoma. Sitadanganya. Nilitaka aseme neno moja tu zuri, na nilirudi nyumbani mara nyingi nikigombana naye kichwani mpaka nafika. Lakini Alhamisi ya pili ikifika nilikuwa njiani tena.

Mvua ilipokatika mwezi wa Novemba, adui mpya akaja. Hewa ilikauka, mbao zikakauka, na vigingi, vile vifimbo vinavyokaza nyuzi, vikaanza kuteleza kwenye matundu yake. Nakaza, kinakaa dakika mbili, kinalegea chenyewe, uzi unabaki kama kamba ya kuanikia. Nilisaga chaki nikapaka kwenye vigingi, nikajifunza kukaza huku nasukuma ndani, sio kuzungusha tu. Siku moja nilizungusha kigingi kisicho chenyewe, uzi mwembamba ukakatika ukanipiga kwenye shavu. Kwa bahati nilikuwa nimeagiza nyuzi za akiba kutoka Nairobi, zikaja kwa parseli. Niliweka mpya. Wa akiba wa aina hiyo ukawa umekwisha, na Jumapili ya mavuno ilikuwa imebaki siku tisa.

Siku yenyewe niliamka saa kumi alfajiri, nikakamua, nikajisugua mikono mpaka ikawa myekundu. Kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na magunia ya mahindi, maboga, ndizi, kabichi, na kuku waliofungwa miguu. Mabati yalikuwa yameshaanza kupata moto. Kwenye benchi la pembeni walikaa vijana watatu wa lile kanisa la mjini, wamevaa vizuri, wamekuja kuichukua fidla. Mwenyekiti aliwakaribisha hata kabla sijapiga. Na kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, alikuwa baba, na koti lake la sherehe. Sikuwa nimemwalika. Nilikuwa nimemtajia tarehe tu, basi.

Nilisimama. Nikapitisha rozini mara nne, nikaweka sponji yangu begani, nikaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Sio mtamu, lakini ulikwenda, na nilisikia baadhi ya watu wakianza kuufuata kwa midomo imefungwa. Katikati ya ubeti wa pili kigingi kikaachia. Nilikisikia kabla ya kukiona. Uzi wa pili ulilegea wote, na kidole kilichokuwa juu yake kikatoa sauti ya mlango wa zizi. Nilikumbuka kufoka kwa baba, nikapita. Nikakanyaga tena, mbaya zaidi. Nikapita tena. Hapakuwa na kupita. Nilisimamisha upinde.

Kuku mmoja akalia pale mbele. Mwenyekiti alikwisha kuinuka, ameanza kupiga makofi kwa vidole. "Tumpongeze mama, jamani. Amejaribu."

Amejaribu. Miezi mitatu yangu yote ilikuwa ndani ya neno hilo, imefungwa, imewekwa kando.

"Mzee, kaa kidogo," nikasema. "Sijamaliza."

Alibaki ameinama nusu, hajui akae au asimame. Mimi nikaweka upinde kwenye meza ya mavuno, kati ya maboga. Nikashika kigingi, nikasukuma ndani na kuzungusha, nikadonoa uzi kwa kidole gumba, nikasikiliza, nikalinganisha na wa jirani yake. Ulikuwa chini. Nikaongeza. Ukapita juu. Nikarudisha. Mtu akikohoa nilingoja amalize kukohoa. Sijui ilichukua muda gani, lakini sikuharakisha hata kidogo. Ulipokaa sawa nilijua, nikachukua upinde nikaanza upya kutoka mwanzo.

Nilipiga mpaka mwisho. Kwenye mstari wa tatu wa ubeti wa pili nilikanyaga chini kidogo ya noti, nikapita. Beti zote nne. Nilipomaliza, wanawake wa nyuma walipiga vigelegele, na mimi nikairudisha fidla kwenye kasha pale mezani.

Baada ya ibada kamati ilisimama nje ya mlango wa ofisi. Kasha lilikuwa mkononi mwa mwenyekiti, alikuwa amelichukua mezani. Wale vijana walikuwa hatua chache nyuma yake. Aliniambia kwa upole, na huo upole ulinitisha zaidi kuliko dharau, kwamba masharti yalikuwa mwanzo hadi mwisho, na kwamba wapo kwenye kamati wanaosema kusimama ni kushindwa. Wengine wanasema nimeshinda. Pia kuna swali, akasema, la kama fidla inaweza kukaa na mtu asiye na mwalimu, kwa sababu simu si mwalimu.

Wakati huo baba alikuwa amefika, polepole, na fimbo yake. Mwenyekiti alimsalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee. Tumesikia wewe ni mpiga siilili wa siku nyingi. Basi tuambie, ni wewe umemfundisha mama? Kwa maana kama ana mwalimu kama wewe, kamati inaweza kuangalia hii maneno na jicho lingine."

Niligeuka nikamtazama baba. Mwenyekiti alikuwa ametufungulia mlango kabisa. Alichotakiwa ni kusema ndiyo, na nusu yake ingekuwa kweli. Nilimwomba kwa macho, mimi ambaye sikuwahi kumwomba kitu tangu niondoke kwake.

"Hapana," akasema. "Mimi nilimkataza."

Mwenyekiti hakuelewa.

"Nilimkataza akiwa na miaka tisa," baba akaendelea, sauti yake ikipanda. "Mwezi wa tisa nikamkataza. Mwezi wa kumi nikamkataza. Juzi Alhamisi amekuja na maziwa, nikamkataza. Mimi ndiyo baba yake, na huyu msichana amenishinda." Akainua fimbo, akaielekeza kwa kamati yote, mmoja baada ya mwingine. "Sasa nyinyi ndiyo mnataka kujaribu?"

Mmoja wa wale vijana ndiye aliyecheka kwanza, kisha mzee wa kamati, kisha wote. Mwenyekiti alilitazama kasha, akanitazama mimi, akaninyooshea. Nililipokea, na nikalia pale pale mbele ya kamati nzima, na sikuona haya.